Mwangati au Podo? Kuchagua Kati ya Miti Mirefu ya Koni ya Milima Yetu

Mwaka wa tatu nilianza kushuku, mwaka wa saba nikajua nimeuziwa saiprasi. Miche ishirini niliinunua kwenye kitalu cha kando ya barabara, kila mmoja kwenye kiriba chake, na muuzaji akaniapia kwamba ni mwangati. Majani yalikuwa sindano ndogo zenye kuchoma kidogo, harufu yake nzuri, nikalipa nikaenda zangu. Ilipofika mwaka wa tatu imeshanipita urefu mara mbili. Mwangati hauna haraka hiyo. Halafu zikatoka koni: ngumu, za rangi ya kahawia, mviringo kama gololi. Mwangati hauzai gololi. Unazaa vitunda vidogo vya buluu iliyokolea, vyenye unga mweupe juu kama zabibu, na ukikibonyeza kimoja kinabonyea.

Nasimulia hayo kwa sababu swali la "nipande mwangati au podo?" huwa linaulizwa mapema mno. Kabla ya kuchagua, lazima ujue unachouziwa ni nini. Na upande wa podo mambo yamechanganyika zaidi, maana chini ya jina hilo moja kuna miti miwili ya jenasi tofauti (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu). Kwa hiyo hapa nalinganisha mitatu: mwangati (wengine huuita mtarakwa), podo ya majani membamba, na podo ya majani mapana. Yote ni miti ya asili ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, yote hurefuka, na yote ina wapenzi wake wasiotaka kusikia la mwingine.

Nitaipima kwa mambo matano: ukoo na jina lake, alama za kuitambua, mahali inapostawi, mwendo wake kuanzia mbegu, na mbao pamoja na maadui zake. Bei nimeiacha nje. Mche wa bei nafuu uliopandwa mahali pasipoufaa ni ghali kuliko yote.

Ukoo na jina

Yote mitatu ni miti ya mbegu uchi, yaani mbegu yake haikui ndani ya tunda la kweli kama ya embe au parachichi. Baada ya hapo koo zinaachana. Mwangati, ambao kitaalamu ni *Juniperus procera*, uko katika familia ya Cupressaceae, nyumba moja na saiprasi. Podo zote mbili ziko katika familia ya Podocarpaceae, ambayo makao yake makuu ni nusu ya kusini ya dunia.

Neno *procera* ni la Kilatini, maana yake "mrefu", na jina limeupata mwenyewe. Ndugu zake wengi duniani ni vichaka au miti ya wastani, lakini huu hufika mita 40 ukipata mahali pazuri. Unaanzia milima ya Saudia na Yemeni, unapita Ethiopia na Kenya na Tanzania, unashuka hadi Malawi na Zimbabwe. Katika jenasi nzima ya *Juniperus* ni huu peke yake uliovuka ikweta bila kubebwa na mtu.

Hapa kuna mkanganyiko mmoja wa kuondoa. Watu wengi huuita mwangati "mwerezi", na kwa Kiingereza huitwa "cedar". Lakini mwerezi wa Lebanoni, ule wa kwenye Biblia, ni *Cedrus libani*, na uko katika familia ya misonobari. Familia hiyo ilijitenga na miti mingine ya koni zamani sana, kiasi kwamba mwangati una undugu wa karibu zaidi na podo kuliko na huo mwerezi wanaochangia jina. Jina moja, harufu zinakaribiana, damu mbali kabisa.

Podo nayo ina kisa chake. Ya majani membamba ilipewa jina *Podocarpus gracilior* na mtaalamu wa mimea Pilger mwaka 1903. Mwaka 1969 mtaalamu mwingine, de Laubenfels, akaihamishia jenasi ya *Decussocarpus*. Mwaka 1989 wa tatu, Page, akaihamisha tena, safari hii katika jenasi ya *Afrocarpus*, na huko ndiko iliko sasa: *Afrocarpus gracilior*. Wapo pia wanaoiona kuwa kitu kimoja na *Afrocarpus falcatus* ya kusini mwa Afrika. Mti uleule, kwa hiyo, unaweza kuukuta kwenye vitabu vinne kwa majina manne. Kule Usambara kuna jamaa yake wa karibu, *Afrocarpus usambarensis*, na kwa uchaguzi wa shambani nitamhesabu pamoja naye.

Podo ya majani mapana imebaki kwenye jenasi ya zamani: *Podocarpus latifolius*, ambayo Afrika Kusini wameifanya mti wao wa taifa. Huku kwetu wengine huitenga na kuiita *Podocarpus milanjianus*, jina lililotokana na mlima Mulanje wa Malawi. Wataalamu hawajaacha kubishana kama ni spishi moja au mbili, ila fundi seremala hataona tofauti.

Mwenye shamba ana haja gani na Kilatini chote hiki? Anayo, na nitaionyesha tukifika kwenye maadui.

Alama za kuitambua

Mwangati utambue kwanza kwa pua. Sugua kitawi kati ya vidole na utasikia harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi, na si bahati, maana kwa miaka mingi ya ukoloni mbao za mwangati zilisafirishwa kutoka Kenya na Tanganyika kwenda kutengeneza penseli. Mche mchanga una majani ya sindano. Mti mkubwa una magamba madogo yaliyolalia kitawi kama ya samaki. Mtu asiyejua hudhani ni miti miwili, na ndipo wauzaji wanapopata mwanya, kwa kuwa mche mchanga wa saiprasi nao huanza na sindano. Gome la mwangati ni jembamba, la kahawia yenye wekundu, na huchunika kwa kanda ndefu. Ukiukuta mti mzee mlimani, mara nyingi utakuwa umevaa ndevu za kijivu za kuvumwani (kuvu na mwani wanaoishi pamoja) zinazoning'inia kwenye matawi.

Podo zote mbili hazina harufu ya kujivunia. Majani yake ni bapa na marefu, na mtu wa mara ya kwanza hawezi kuamini kwamba ni mti wa jamii ya koni. Kuzitenganisha, angalia chini ya mti jike wakati wa mbegu. Jina *Podocarpus* limetokana na maneno mawili ya Kigiriki, mguu na tunda, na ile ya majani mapana inalistahili: mbegu yake imekaa juu ya kikonyo kilichovimba, chekundu, laini, kama mtu aliyekaa kwenye mto. Podo ya *Afrocarpus* haina mguu huo. Mbegu yake ni duara la karibu sentimita 2 lililofunikwa nyama nyembamba, limeshikwa na kikonyo kikavu cha kawaida. Kuna mguu mwekundu, ni *Podocarpus*. Hakuna, ni *Afrocarpus*.

Si msimu wa mbegu? Tazama majani ya mti mzima, si ya mche, kwa sababu miche ya zote mbili ina majani marefu kuliko ya wazazi wao. *Afrocarpus* ina majani ya milimita 3 hadi 5 kwa upana, urefu wa sentimita 2 hadi 6. *Podocarpus* ina majani mapana zaidi, mara nyingi karibu sentimita 1. Gome la *Afrocarpus* hubanduka vipande vipande, la *Podocarpus* huchunika kwa kanda.

Mahali inapostawi

Mwangati ni mti wa upande mkavu wa mlima. Makao yake hasa ni kati ya mita 1,800 na 3,000: Mau, Aberdare, Maralal, Meru, Usambara Magharibi. Huvumilia baridi kali ya usiku na ukame wa miezi kadhaa. Usichoweza kuupa ukaridhika ni kivuli. Miche ya mwangati haikui chini ya wazazi wake, ndiyo maana ukitembea ndani ya msitu mzee wa mwangati unaona mababu watupu bila wajukuu. Kizazi kipya hutokea palipofunguka, mara nyingi baada ya moto, ingawa moto huohuo humuua mkubwa kirahisi kwa sababu ya gome lake jembamba. Msitu ukiachwa bila kuguswa, podo na miti ya majani mapana huchipua chini ya miangati na polepole kuchukua nafasi.

Podo zinatenda kinyume. Zikiwa changa huvumilia kivuli vizuri, kwa hiyo unaweza kuzipanda kati ya miti mingine iliyokwisha kusimama. Ile ya majani membamba hupenda nyanda za kati, takriban mita 1,500 hadi 2,500, na hukubali maeneo ya mvua ya kiasi. Nairobi imepandwa sana kama mti wa bustani na ua. Ya majani mapana ina upana mkubwa wa makazi, tangu karibu mita 900 hadi kupita 3,000, lakini inapenda unyevu: ukungu wa asubuhi, udongo usiokauka, mabonde ya misitu ya mvua.

Kama shamba lako lina kilima kinachopigwa na upepo na jua, na chini yake bonde lenye maji, usilazimike kuchagua moja. Mwangati juu, podo chini. Milima yenyewe imejipanga hivyo.

Mwendo wake, kuanzia mbegu

Yote inakwenda taratibu. Anayetaka nguzo baada ya miaka kumi apande mkaratusi, na asije kuilalamikia miti hii.

Katika mwangati miti ya dume na jike kwa kawaida ni tofauti, hivyo mti mmoja peke yake uani huenda usizae kamwe, au ukazaa mbegu tupu. Hata msituni sehemu kubwa ya mbegu hazina kitu ndani. Kausha vitunda, vipondeponde upate mbegu, kisha uziweke majini. Nyingi zitakazoelea ni za kutupwa. Zilizobaki huota kwa kusuasua, na mche hukaa kitaluni muda mrefu kabla ya kuwa tayari kwa shamba. Ndiyo maana muuzaji anayekuletea miche mingi minene ya mwangati kwa bei ya saiprasi anastahili maswali mawili matatu.

Podo nazo zina dume na jike. Mbegu ya *Afrocarpus* ina ganda gumu kama kokwa, na ukiipanda ilivyo utasubiri mpaka usahau ulipoipanda. Wenye subira huipasua ganda kwa uangalifu, kiini kisiguswe, na kuota kunakuja haraka zaidi. Ichukue kabla haijakauka. Popo na ndege hula nyama ya nje na kudondosha kokwa chini ya miti wanayolala, kwa hiyo si lazima uukwee mti. *Podocarpus* haina ganda gumu kiasi hicho, lakini mbegu yake haipendi kukaushwa wala kuwekwa kwa muda mrefu. Ukiiokota leo, ipande wiki hii.

Kwa kasi baada ya kupandwa, podo ya majani membamba ndiyo inayoonekana kuchangamka kidogo mahali penye udongo mzuri. Tofauti si ya kuamulia.

Mbao, na maadui

Hapa ndipo miti inapoachana kabisa.

Kiini cha mwangati ni chekundu, kina mafuta yenye harufu, na mchwa hawakitaki. Nguzo ya ua ya mwangati iliyochongwa mpaka kwenye kiini hukaa ardhini miongo bila dawa. Kwenye mashamba ya zamani ya nyanda za juu utaziona bado zimesimama, kijivu kwa nje, lakini ukiukwangua uso kwa kisu wekundu unajitokeza na harufu inapanda. Ilitumika pia kwa vigae vya mbao vya kuezekea, na gome lake kwa kufunika mizinga ya nyuki. Kasoro yake ni kwamba hupasuka kirahisi kufuata nyuzi, jambo zuri kwa mwenye kuchana vigae na baya kwa anayepigilia misumari karibu na ncha. Na mti mzee unaweza kuwa na moyo uliooza: kuna uyoga, *Pyrofomes demidoffii*, unaokula kiini ukiwa bado umesimama. Gogo linaonekana zima kwa nje, unalichana, unakuta shimo.

Mbao za podo ni za rangi ya manjano iliyofifia, nyuzi zake laini na sawasawa, hazina utomvu wala harufu. Seremala huzipenda: randa inapita bila kukwama, rangi na vanishi vinashika vizuri. Fremu za milango, dari, makabati, sakafu, samani za ndani. Kwa vyombo na masanduku ya vyakula kukosa harufu ni faida, maana hakuna anayetaka siagi yenye ladha ya penseli. Lakini usiifukie podo ardhini bila kuitia dawa. Mchwa wataimaliza, na hata mbao zilizopangwa mahali penye unyevu bila kupitisha hewa hupata madoa ya buluu. Kwa upande huu podo mbili hazitofautiani kiasi cha kukusumbua.

Sasa ile haja ya Kilatini. Katikati ya miaka ya 1980 vidukari wa saiprasi waliingia barani, Malawi wakaonekana mwaka 1986, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa Kenya wakikausha saiprasi. Wadudu hao hawasomi kibao cha kitaluni, husoma ukoo. Walishambulia familia ya Cupressaceae, na mwangati wetu, ingawa ni wa asili, ulikuwa ndani ya familia hiyo. Ukapigwa nao. Podo, iliyosimama hatua tano pembeni, haikuguswa kwa kuwa ni ya familia nyingine. Mwenye ua mzima wa saiprasi akaongeza miangati akidhani anatofautisha miti, kumbe ameandaa meza moja ndefu.

Adui wa mwisho ni panga. Mwangati huibwa kwa ajili ya nguzo, podo kwa mbao. Na mwenyewe ukitaka kukata mti wa asili hata ulio shambani kwako, pitia kwanza ofisi ya misitu, KFS kwa Kenya au TFS kwa Tanzania, ujue kibali kinachohitajika. Usiposafirisha gogo kwa karatasi, utalisafirisha hadi kituo cha polisi.

Upi ukufae

Kama una eneo la wazi, juu, kavu, na unafikiria nguzo, mizinga, au tu mti utakaosimama baada yako, mwangati unaelewana na hali hiyo kuliko podo yoyote. Upande ukiwa na nafasi, na usafishe majani makavu kuuzunguka kabla ya kiangazi kwa ajili ya moto.

Kama una msitu mdogo uliochoka au mstari wa miti tayari, na unataka kujaza chini yake, usipoteze miche ya mwangati kivulini. Podo ndiyo itakayovumilia. Bonde lenye unyevu na ukungu, chukua ya majani mapana. Mwinuko wa wastani wenye mvua ya kiasi, chukua ya majani membamba.

Kwa uwanja wa shule, kanisa, msikiti au nyumba, podo ya majani membamba ina faida ya kukatwa umbo bila kununa, na hufanya ua mzito unaofunga macho ya wapita njia. Panda kadhaa, ili dume na jike wapatikane na ndege wapate cha kula.

Kama unataka mbao za samani kwa wajukuu, podo. Kama unataka mbao za kukaa nje kwenye mvua na mchwa, mwangati. Fundi atakayekuambia moja inafanya kazi zote mbili anauza ile aliyonayo stoo.

Kama jirani zako wote wana saiprasi, changanya na podo kwanza, mwangati uwe mchache na uutenge mbali na ua huo.

Na popote utakapokwenda kununua, omba kuonyeshwa mti uliotoa mbegu, au walau kitawi chenye tunda. Ukiambiwa ni mwangati, tafuta kitunda cha buluu kinachobonyea. Ukiambiwa ni podo, uliza: yenye mguu mwekundu, au isiyo na mguu? Muuzaji akikuangalia kwa mshangao, nenda kitalu cha pili.